Mbinu za utafiti wa sosholojia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanafunzi wa Unguja na Pemba

Kila muhula maswali ni yale yale. Yanaulizwa barazani, yanaulizwa kwenye kundi la WhatsApp saa sita za usiku, yanaulizwa ndani ya gari la kurudi mjini kutoka Tunguu. Majibu haya yametoka kwa sisi tulioimaliza kozi na ambao sasa tunawasaidia wanaoisoma. Pale mwalimu wako atakaposema vingine, mfuate yeye, maana ndiye anayesahihisha.

Kozi hii inasomesha nini hasa?

Inasomesha namna ya kulijua jambo la jamii kwa njia ambayo mtu mwengine anaweza kuifuata na kuikagua. Kwa kawaida huanza na nadharia na aina za utafiti, ikaja kwenye pendekezo la utafiti, halafu ukusanyaji wa data na ripoti. Wengi huingia wakidhani ni kozi ya kuhifadhi: aina nne za hiki, sifa saba za kile. Mtihani una sehemu hiyo, hatukatai. Ila ripoti nyingi zinazorudi zimejaa wino mwekundu hazikuharibikia kwenye kuhifadhi wala kwenye hesabu. Ziliharibika ukurasa wa kwanza, pale swali la utafiti lilipoandikwa pana au halikuandikwa kabisa. Kila kitu kinachofuata hapa chini kinarudi kwenye hilo.

Hesabu ilinishinda tangu skuli. Nitafeli?

Hufeli kwa hilo. Utahitaji asilimia, wastani, na kulisoma jadweli ukajua linasema nini. Kai-skwea inakokotolewa na programu. Kazi yako ni kuelewa kwamba kipimo hicho kinakuambia kama tofauti uliyoiona baina ya makundi mawili inaweza kuwa imetokea kwa bahati tu. Ukipata thamani ya p, ile namba inayotolewa na programu kuhusu bahati hiyo, iko chini ya 0.05 usishangilie mapema: hiyo haina maana kwamba tofauti ni kubwa, wala kwamba ina umuhimu kwa mtu yeyote.

Nachaguaje mada?

Hapa tutakaa kidogo.

Mada zinazojirudia ni utalii na maadili ya vijana, talaka, dawa za kulevya, na wanawake wa mwani. Hakuna iliyo mbaya. Ubaya ni kuichukua nzima nzima. "Athari za utalii kwa jamii ya Zanzibar" ni kazi ambayo hata wizara haiimalizi. Utalii wa Nungwi au wa Makunduchi? Athari kwa nani, kwa wavuvi, kwa wasichana wa kidato cha tatu, kwa wenye viwanja? Na utajuaje kama ni athari ya utalii na si ya barabara mpya au simu?

Chukua mwani. Kilimo chake cha biashara kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, maeneo ya Paje na Jambiani, na wakulima wengi ni wanawake. Kazi yenyewe inafuata maji. Siku za bamvu, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hukupwa mbali, wanawake wakaingia kufunga na kuvuna. Siku za maji mafu shamba halifikiki vizuri. Basi badala ya kuandika "changamoto za wakulima wa mwani", uliza hivi: je, watoto wa kike wa wakulima wa mwani hukosa skuli zaidi siku za bamvu kuliko siku za maji mafu?

Tazama swali hilo lilivyokwisha kukufanyia kazi. Lina watu wake na mahali pake. Lina kinacholinganishwa na kinacholinganishiwa. Ushahidi wake upo tayari kwenye rejista ya mahudhurio ya darasa na kalenda ya mwezi, na ukitaka kujua kwa nini, unakwenda kwa mama na mtoto na mwalimu wa darasa. Jibu likiwa "hapana, hakuna tofauti", bado una ripoti.

Mwanafunzi makini atauliza la ziada: huenda bamvu huwatoa watoto wote skulini, kwa ajili ya pweza na chaza, mama awe analima mwani au halimi. Sawa kabisa. Ndiyo maana unahitaji kundi la pili, la watoto ambao mama zao hawalimi mwani, kutoka darasa lile lile. Ukifikia kujiuliza hivyo peke yako, sehemu ngumu ya kozi umeshaipita, na somo la vigeu huru (kinachodhaniwa kuwa sababu) na vigeu tegemezi (kinachobadilika kwa sababu hiyo) litakusogelea lenyewe.

Njia moja ya kujipima: mwambie mama yako swali lako kwa sentensi moja. Akikuuliza "wapi?" au "akina nani?", halijawa tayari.

Lazima niwe na nadharia? Naona kama pambo tu.

Kwenye ripoti nyingi ni pambo kweli, aya mbili za Durkheim au Marx, mabingwa wa nadharia za jamii, sura ya pili, kisha haonekani tena mpaka mwisho. Nadharia ina faida pale inapokuambia utafute nini. Durkheim, katika kazi yake ya mwaka 1897 kuhusu watu kujiua, alichukua takwimu za serikali za nchi za Ulaya akalinganisha makundi ya dini na hali za ndoa, kwa sababu alishuku kwamba jambo linaloonekana la mtu binafsi linategemea namna alivyofungamana na wenzake. Asingekuwa na shaka ile, asingejua alinganishe nini. Nadharia isipobadilisha hata swali moja la hojaji yako, tafuta nyengine.

Ipi rahisi, hojaji au mahojiano?

Wanaokimbilia mahojiano ili waikwepe SPSS, programu ya takwimu, hujuta wiki ya kunukuu, yaani kuiandika sauti neno kwa neno. Saa moja ya sauti inaweza kukula saa nne hadi sita za kuandika, na zaidi kama ulirikodi kibarazani huku nazi inakunwa, watoto wanacheza na adhana inapita katikati ya jibu zuri kuliko yote. Baada ya kunukuu kuna kusoma tena, kuweka alama, kutafuta dhamira. Njia haichaguliwi kwa uvivu. Unataka kujua wangapi au mara ngapi, tumia hojaji. Unataka kujua mtu analionaje jambo na limemfikaje, kaa naye mzungumze. Ukitaka vyote viwili, mshawishi kwanza mwalimu kwamba muda unao.

Sampuli iwe watu wangapi?

Fomula ya Taro Yamane ya mwaka 1967 imo katika ripoti nyingi mno hapa kwetu: gawa idadi ya watu wote kwa moja kujumlisha idadi hiyo mara kosa linaloruhusiwa lililozidishwa kwa lenyewe. Kwa watu 400 na kosa la 0.05 unapata 200. Kwa watu 1,000 unapata 286. Kwa watu 100,000 unapata 398. Na kwa Zanzibar nzima, ambayo sensa ya 2022 iliihesabu kuwa na watu 1,889,773, bado huvuki 400. Jadweli la Krejcie na Morgan la mwaka 1970 linatoa namba za jirani: 196 kwa watu 400, 278 kwa watu 1,000.

Wanafunzi hunakili fomula wakasahau sharti lake. Inachukulia kwamba una orodha ya watu wote na umechagua kwa nasibu, kila mmoja akiwa na nafasi. Ukisimama sokoni Darajani ukawapa karatasi 200 wale waliokubali kusimama, umepata maoni ya wasio na haraka, na Yamane hana la kukusaidia. Afadhali watu 60 waliochaguliwa kutoka kwenye orodha ya kaya za shehia moja, ukaandika waziwazi kwamba matokeo ni ya shehia hiyo.

Kuna watu wasio na orodha. Papasi wa Nungwi, vijana wanaowafuata watalii kuwauzia huduma, hawajaandikwa popote mahali pamoja. Mmoja anakupeleka kwa mwenzake, na mwenzake kwa mwengine. Njia hiyo inakubalika, ila ukianza na mtu mmoja utaishia na marafiki wa mtu mmoja. Anza kupitia watu watatu au wanne wasiojuana sana: wa boti, wa vinyago, wa kutembeza wageni.

Kwa mahojiano hakuna fomula. Unasimama unapoona majibu mapya hayaji tena.

Hojaji yangu imekataliwa mara mbili. Kosa liko wapi?

Bila ya kuiona, tunabashiri moja kati ya haya.

Umeuliza mambo mawili kwa pamoja: "Je, umeridhika na huduma za maji na umeme?" Atakayeridhika na umeme tu ajibu nini?

Au umemwekea mtu jibu mdomoni. "Je, unakubali kwamba utalii umeharibu maadili?" Mgeni kaja mpaka kibarazani, kakaribishwa, nani atamkatalia? Utapata asilimia 90 ya "nakubali" na hutajua kama ni maoni au ni adabu. Vipimo vya Likert, vile vya kutoka "nakataa kabisa" mpaka "nakubali kabisa" vilivyoanza mwaka 1932, vinaumia sana kwa adabu hii. Changanya kauli, nyengine ziwe kinyume, uone kama mtu anakubali zote.

Au umeuliza kwa jumla kitu ambacho mtu anakijua kwa mafungu. Mama wa Jambiani amekaa anafunga mbegu kwenye kamba, unamuuliza kipato chake kwa mwezi. Anacheka: "Kidogo tu, alhamdulillah." Unaandika nini? Muulize mara ya mwisho aliuza lini, kilo ngapi, kwa bei gani, na nani alizichukua. Mikono haiachi kufunga, lakini sasa anakutajia mpaka shilingi, pamoja na deni la kamba alilokatwa. Mwezi ni kipimo cha mwenye mshahara. Yeye anahesabu kwa mavuno.

Au hukueleza kaya ni ipi. Mwanamme ana wake wawili, mmoja Mwera na mmoja Chwaka, kila mmoja na jiko lake. Ni kaya moja au mbili, na yeye mwenyewe umhesabu wapi? Amua kabla hujatoka, uandike ulivyoamua, na wenzako wote wa kundi wafuate uamuzi huo huo.

Dawa ya yote ni majaribio. Wape watu kumi wasiokuwemo kwenye sampuli, ukae nao wanapojaza, na kila wanapokuuliza "hapa una maana gani?" weka alama. Ukipata alama tatu kwenye swali moja, lifute uliandike upya.

Hojaji niiandike kwa Kiingereza au Kiswahili?

Pendekezo na ripoti kwa lugha inayotakiwa na chuo. Hojaji kwa Kiswahili, na iandikwe kwa Kiswahili tangu mwanzo. Kisha mwombe mwenzako ambaye hajaiona aigeuze kwa Kiingereza, umwonyeshe msimamizi. Ukienda Makunduchi, Tumbatu au Micheweni, ambako lahaja ni nyengine, mwombe mtu wa pale aisome kwanza.

Nahitaji kibali? Na sheha nimwendeeje?

Chuo kinakupa barua ya utambulisho. Kibali cha utafiti kwa upande wa Zanzibar kinapitia Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali, na tafiti za afya zina kamati yake ya maadili. Mwalimu wa kozi ndiye anayejua kama zoezi la darasa linahitaji vyote hivyo au barua inatosha. Muulize mwanzo wa muhula, maana kibali hakisubiri tarehe yako ya kukusanya kazi.

Kwa sheha nenda mwenyewe, asubuhi, na nakala mbili za barua: moja abaki nayo, moja akusainie. Mweleze unauliza nini, nyumba ngapi, siku ngapi. Akitaka kukupa mtu wa kukutembeza, shukuru, lakini usimruhusu akae pembeni wakati wa mahojiano. Mtu hatasema mabaya ya shehia mbele ya mjumbe wa sheha.

Watu wananiuliza "umetumwa na nani?" Nijibu nini?

Jibu ukweli, kwa ufupi, na usikasirike. Swali lina historia yake. Tangu chaguzi za vyama vingi kurudi mwaka 1995, anayepita nyumba kwa nyumba na kalamu akiuliza wanaishi wangapi na wana umri gani hachukuliwi hivi hivi, na kwa Pemba yaliyotokea Januari 2001, watu walipouawa kwenye maandamano, hayajasahauliwa. Wengine watakudhani ni mtu wa chama. Wengine watakudhani ni mtu wa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, na hao ndio wagumu zaidi, kwa sababu watakujibu vizuri sana kwa tamaa ya kuandikwa. Sema mapema: ni mwanafunzi, hakuna msaada, hakuna orodha, jina lako siandiki.

Yapo mambo madogo yanayosaidia. Usivae rangi za chama chochote. Usiulize chama kama si mada yako. Usitoe simu ukapiga picha nyumba. Na ukiweza, usipange kwenda uwandani miezi ya kampeni.

Mimi ni mwanamme na mada yangu inahusu wanawake. Nitapokewa?

Utapokewa kibarazani, mlango wazi, na mara nyingi mama mkwe atakuwepo. Yatakayosemwa hapo ni yale yanayoweza kusemwa mbele ya mama mkwe. Kama mada ni talaka au uzazi wa mpango, mshirikishe mwenzako wa kike ahoji yeye, nawe ufanye uchambuzi. Wasichana nao hupata taabu ya aina yao kwenye baraza za kahawa za wanaume, ambako huhojiwa wao.

Ramadhani haikatazi utafiti. Mchana watu wamechoka, lakini baada ya tarawehe wanaume wamekaa na wana maneno.

Naweza kufanya utafiti kijijini kwetu?

Unaweza, na nauli utaokoa. Hodi yako inajulikana, hukaribishwi kwa mashaka. Lakini wakikujua wewe mtoto wa fulani, kuna mambo hawatakwambia ili yasifike kwa fulani, na mengine hawatayaeleza kwa sababu "si unajua mwenyewe". Usikubali jibu hilo. Sema: "Najua, bi mkubwa, lakini nataka nilisikie kwako." Na andika kwenye ripoti kwamba wewe ni wa hapo, si aibu, ni sehemu ya mbinu.

Nikibadilisha majina, si nimeshalinda siri?

Kwa mji wa mamilioni pengine. Kwa kisiwa, bado. Ukiandika "mwalimu mkuu mwanamke wa skuli ya msingi" na ukataja kijiji, umeshamtaja kwa jina. Badilisha na maelezo: sema "mwalimu wa skuli ya pwani", ficha umri kamili, ondoa cheo kama hakina kazi kwenye hoja. Kabla ya kunukuu neno kali, jiulize jirani yake akilisoma atajua ni nani.

Ridhaa nayo haiishii kwenye saini. Wazee wengi wanaogopa kusaini karatasi kuliko kuhojiwa, na wana sababu, hasa palipo na migogoro ya ardhi. Ridhaa ya mdomo iliyorikodiwa inaweza kukubalika. Omba hilo kwenye pendekezo. Sheria hizi hazikutungwa kwa starehe. Huko Tuskegee, Marekani, wanaume weusi wenye kaswende waliangaliwa kuanzia mwaka 1932 hadi 1972 bila ya kuelezwa ukweli wa maradhi yao, na bila ya kutibiwa hata penisilini ilipopatikana. Ripoti ya Belmont ya mwaka 1979, ambayo mwalimu ataitaja, ilizaliwa na kashfa ile.

Mwenzetu wa kundi hafanyi kitu.

Gawaneni kazi kwa maandishi wiki ya kwanza, kila mtu na jina lake, mwalimu apate nakala. Baada ya hapo ni lawama tu.

Msimamizi hajibu.

Usimtumie "naomba maoni". Mtumie kurasa tatu na maswali mawili ya kujibika kwa ndiyo au hapana. Kisha nenda ofisini siku yake ya kuonana na wanafunzi, ukiwa umezichapisha.

SPSS ni ghali. Nifanyeje?

Maabara ya chuo ikiwa nayo, tumia huko. Vyenginevyo PSPP na jamovi ni za bure na zinatosha kwa kazi ya shahada ya kwanza. KoboToolbox inakuwezesha kukusanya majibu kwa simu hata pasipo na mtandao, ukayatuma ukirudi penye bando.

Muda umeisha. Nikijaza hojaji ishirini mwenyewe, nani atajua?

Mwalimu atajua, na si kwa ramli. Data iliyopikwa haina nafasi zilizoachwa wazi, wala haina mzee aliyejibu kinyume. Akikutilia shaka atakuuliza kwenye uwasilishaji hojaji namba 14 uliijazia wapi na siku gani. Ukiwa na majibu 40 badala ya 60, andika 40 na ueleze kwa nini. Kwa hilo utapunguziwa alama chache.

Kwenye uwasilishaji wataniuliza nini?

Kwa nini mahali hapo, kwa nini watu hao, ungefanya nini tofauti, na matokeo yako yanamhusu nani mwengine. Hilo la mwisho ndilo linalowaangusha wengi, kwa sababu baada ya kuhoji shehia moja wanasema "Wazanzibari wanaona". Sema shehia yako. Wakikubana juu ya sababu, kumbuka kwamba mambo mawili kwenda pamoja hakuthibitishi kuwa moja limelizaa jengine.

Baada ya alama kutoka, karatasi na sauti nifanye nini?

Fanya ulichoahidi kwenye fomu ya ridhaa. Uliahidi kufuta, futa, na kwenye simu ya mwenzako pia. Kisha andika ukurasa mmoja wa Kiswahili, bila ya majina, umpelekee sheha na skuli uliyofanyia kazi. Uanze na namba za pale pale, nadharia iache kwenye ripoti. Mwalimu mkuu anataka kujua ni siku zipi darasa lake linabaki nusu.